Je, Wajua? Sindano za Kufumia na Misokoto ya Sweta

Safu yetu leo imepiga kambi Mutoshi, kandokando ya Kolwezi, mahali ambapo hata mtoto wa shule atakutazamia jiwe na kukuambia kama lina shaba. Ila ukimwonyesha sindano ya kufumia iliyoandikwa namba 8 atabaki ameduwaa, na aliyemuuzia mama yake sindano hiyo ataduwaa naye. Tutafika huko.

Je, wajua kwamba Kolwezi ni mji wa sweta? Uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mvua zikikatika mwezi Mei, anga hubaki wazi, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka kuelekea nyuzijoto 10. Mgeni aliyetoka Kinshasa na shati la mikono mifupi, asubuhi yake ya pili utamkuta kwenye soko la mitumba.

Je, wajua kwamba msokoto wa sweta hausokotwi? Ile kamba nene inayopanda kifuani, inayowatisha wanaoanza, ni vitanzi vilivyobadilishana zamu tu. Una vitanzi 6 kwenye sindano ya kushoto. Badala ya kufuma cha 1, cha 2 na cha 3, unaviweka hivyo vitatu pembeni, unafuma cha 4, cha 5 na cha 6, kisha unarudi kuvifuma vilivyokuwa vikisubiri. Basi. Hakuna fundo, hakuna uzi wa pili, hakuna mashine. Mtu akikuambia misokoto ni kazi ya miaka kumi, muulize yeye amefuma mingapi.

Je, wajua kuwa msokoto hulala upande kulingana na mahali vitanzi vilipongojea? Vikingoja mbele ya kazi, upande wa kifua chako, msokoto unalala kushoto. Vikingoja nyuma, unalala kulia. Sweta yenye misokoto miwili inayotazamana kifuani ina mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, hakuna siri nyingine. Ukichukua vitanzi 9, ukavigawa mafungu 3, ukapishanisha la kulia kwa nyuma na la kushoto kwa mbele kwa zamu, unapata msuko kamili kama wa nywele za binti wa shule.

Je, wajua kwamba kazi nzima ya kufuma inasimama juu ya aina mbili tu za vitanzi? Kuna cha uso, kinachotoa umbo la herufi V, na cha kinyume, kinachotoa nundu ndogo. Kwa kweli ni kitanzi kimoja kikitazamwa mbele na nyuma. Msokoto hufumwa kwa vya uso, na kila upande wake huwekwa vya kinyume, viwili au zaidi. Vya kinyume hurudi nyuma, vya uso husogea mbele, na hapo ndipo msokoto husimama. Anayesahau ukingo huo wa kinyume huona msokoto wake ukizama ndani ya kitambaa, akadhani amekosea hesabu.

Je, wajua kwamba sindano namba 8 ni sindano tatu tofauti? Hapa ndipo pesa za wanaoanza hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kongo imezoea namba za Ufaransa na Ubelgiji za siku hizi, na namba hizo ni milimita: namba 8 ni unene wa milimita 8, sindano ya shali nzito na blanketi. Lakini bidhaa nyingi za Kolwezi hupita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, na huko, sawa na Kenya na Tanzania, bado zinazunguka sindano za vipimo vya zamani vya Uingereza, ambamo namba 8 ni milimita 4. Jozi ikifika kutoka Marekani ndani ya mkoba wa ndugu, namba 8 ni milimita 5. Mama mmoja anaambiwa na mwenzake "nunua namba 8", anakwenda sokoni, anarudi na kitu kinachofuma kitambaa kilicholegea mara mbili ya alichokitaka. Kisha anailaumu mikono yake!

Je, wajua kwa nini Waingereza walihesabu kinyumenyume, sindano nyembamba ikapata namba kubwa? Kwao namba 14 ni milimita 2, namba 10 ni milimita 3.25, namba 8 ni milimita 4, na sifuri tatu ni milimita 10. Jibu lake watu wa nchi ya shaba wangelipata hata usingizini: ni hesabu ya waya. Waya hutengenezwa kwa kuvuta fimbo ya chuma au shaba kupitia tundu, halafu tundu dogo zaidi, halafu dogo kuliko hilo. Kadiri unavyovutwa mara nyingi ndivyo unavyokonda, na ndivyo namba yake inavyopanda. Mwaka 1884 Uingereza iliufanya mpango mmoja wa namba za waya kuwa kipimo cha kisheria. Sindano za kufumia, ambazo nyingi zilikuwa vipande vya waya vilivyochongwa ncha, zilifuata hesabu ya namna hiyohiyo. Waya namba 10 wa Kiingereza una milimita 3.25. Sindano namba 10 vilevile.

Je, wajua kwamba fundi wa vyuma wa mtaani kwako anaweza kukutengenezea kipimo cha sindano kwa dakika chache? Mpelekee kipande cha plastiki ngumu au ubao mwembamba. Atoboe matundu kwa misumari ya dreli ya milimita 3, 3.5, 4, 4.5 na 5, aandike namba kando ya kila tundu. Sindano inayopita bila kulazimishwa, na isiyocheza ndani ya tundu, ndiyo ya unene huo. Mwenye kalipa apime moja kwa moja. Kolwezi, mji uliokuzwa na karakana za migodi, haukosi kalipa. Nenda nacho sokoni kipimo chako, na ukikuta namba iliyofutika au ya nchi nyingine, tundu litakujibu.

Wajua unene upi ufaao kwa anayeanza? Milimita 4 hadi 5, pamoja na uzi wa unene wa kati. Sindano nyembamba kuliko hiyo huchosha macho, na nene kuliko hiyo huchosha mikono.

Je, wajua kwamba sindano inayong'aa zaidi dukani si rafiki wa mwanafunzi? Chuma kilichopakwa nikeli huteleza sana. Fundi mwenye kasi hukipenda kwa sababu hiyo, na mwanafunzi hukichukia kwa sababu hiyohiyo, maana vitanzi humtoroka kabla hajavijua. Mianzi na mbao hushika uzi kidogo. Katika misokoto tofauti hiyo ni kubwa zaidi: kuna wakati vitanzi 3 vinaning'inia pembeni, na ukiwa na sindano inayoteleza unajikuta unaokota vitanzi kama mtu anayeokoa kuku mvuani. Ushauri wangu hauna kona: jozi ya kwanza iwe ya mianzi.

Je, wajua kwamba ndani ya sindano nyingi za fedhafedha kuna shaba? Kampuni ya Addi ya Altena, Ujerumani, ambayo ukoo wake wa kibiashara unaanzia mwaka 1829, hutengeneza sindano zake mashuhuri za kasi kwa shaba nyeupe-njano iitwayo brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, kisha huzipaka nikeli juu. Wengine wengi hufanya vivyo hivyo. Shaba ya dunia ikishayeyushwa huchanganyika, hakuna anayeweza kuapa kipande hiki kilitoka hapa kwetu Lualaba. Wala hakuna anayeweza kuapa hakikutoka.

Na kama ngozi yako huwashwa na hereni za bei rahisi, huenda nikeli ndiyo adui. Chukua mianzi, mbao au alumini.

Je, wajua kwamba shaba tupu haifai kwa sindano? Ni laini, hupinda njiani, na ikikutana na jasho hubadilika rangi na kuacha alama kwenye uzi mweupe. Usijaribu kuchonga jozi kutoka kwenye waya wa umeme. Tena, ukikutwa Kolwezi na vipande vya waya mnene wa shaba, maelezo kwamba ulikuwa unafuma sweta hayatapokelewa kwa urahisi.

Je, wajua kwamba spoki ya baiskeli imefuma nguo nyingi Afrika, na hata kwenye milima ya Andes kule Amerika Kusini? Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2. Ni sawa na ile sindano namba 14 ya Waingereza, na si ajabu, kwani spoki nayo ni waya. Inafaa soksi na nguo za mtoto mchanga. Kwa msokoto wa kwanza ni nyembamba mno, iache.

Na fimbo za kuchomelea? Zipo za milimita 2.5, 3.2 na 4, na kila mtaa wa Kolwezi una mchomeleaji. Fimbo iliyobanduliwa ganda lote, ikasuguliwa kwa msasa hadi ikawa laini na kuchongwa ncha butu, inaweza kufuma. Kuna tahadhari tatu: vumbi la lile ganda lisivutwe puani, kutu ifutwe kila mara, na ujue kuwa chuma kizima ni kizito, kifundo cha mkono kitalalamika jioni. Kwa hiyo mimi bado ningechagua mwanzi. Unapasuliwa, unachongwa, unasuguliwa kwa msasa mnene kisha mwembamba, halafu unapakwa nta ya nyuki. Misitu ya miombo inayoizunguka Kolwezi ina asali, na penye asali nta haikosekani.

Je, wajua kwamba ncha ina uzito kuliko rangi? Ncha butu kupita kiasi haiingii chini ya vitanzi vilivyobanana baada ya kuvuka. Ncha kali kama ya sindano ya cherehani hupasua uzi na kutoboa kidole. Tafuta ya katikati, na uipitishe kwenye kanga au soksi kuukuu kabla ya kulipa. Ikikwaruza nguo, itakwaruza uzi.

Urefu nao? Sindano za moja kwa moja huuzwa za sentimita 25, 30, 35 na 40. Wanaobana sindano ya kulia kwapani wanahitaji ile ndefu. Anayefuma ameketi ndani ya basi la Lubumbashi, safari ya kilomita 300 hivi, achukue sindano ya mviringo, zile ncha mbili zilizounganishwa kwa mshipi wa plastiki: haimchomi jirani, haidondoki chini ya kiti, na inafuma kitambaa bapa sawasawa na zile ndefu. Wengi hudhani ya mviringo ni ya kofia tu. Sivyo.

Je, wajua kwamba sindano ndogo ya msokoto, ile iliyopinda katikati, si lazima? Kazi yake ni kushikilia vitanzi vinavyongoja. Kijiti cha kuchokolea meno, pini ya nywele au mrija wa kalamu uliokauka wino vinaweza kuifanya. Sharti ni moja: kisiwe kinene kuliko sindano unazofumia, la sivyo vitanzi vinavutwa na kubaki na matundu. Kalamu ya risasi, ambayo wengi huikimbilia, huwa nene mno, na huacha madoa.

Je, wajua kwamba nguo za kufumwa za zamani zaidi zinazojulikana ni za Afrika? Misri imetoa soksi za pamba za buluu na nyeupe, zilizofumwa kwa sindano kati ya karne ya 11 na ya 14, nyingine zikiwa na mapambo yanayofuata maandishi ya Kiarabu. Buluu hiyo ni ya nili, si ya kobalti. Zipo soksi za Misri zilizo kongwe zaidi, za karne za mwanzo baada ya Kristo, zenye kidole gumba kilichotengwa ili mtu avae kandambili. Lakini hizo zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, kwa kupitisha uzi wote kila mara, na wataalamu huzihesabu kuwa kazi ya namna nyingine.

Je, wajua kwamba Bikira Maria amechorwa akifuma? Mchoraji Mjerumani Bertram wa Minden, karibu mwaka 1400, alimweka kwenye madhabahu ya Buxtehude akiwa na sindano nne, akimalizia shingo ya kanzu ya Mtoto Yesu. Masista wanaofundisha kazi za mikono wana mlinzi wao tayari.

Je, wajua kwamba mashine ya kufuma ni kongwe kuliko injini ya mvuke ya migodini? Mchungaji William Lee wa Nottinghamshire, Uingereza, aliitengeneza mwaka 1589. Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hataza, na Lee akaishia Ufaransa. Mashine za leo, kama zile za Ken Knit kule Eldoret, Kenya, zinafuma sweta za shule kwa wingi. Zipo zinazoweza misokoto pia, lakini kwenye sweta ya bei ya chini utaikosa, kwa sababu kila kuvuka kunakula muda na uzi.

Je, wajua kwamba ile hadithi maarufu kuliko zote kuhusu misokoto si ya kweli? Husemwa kwamba kwenye visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, kila ukoo ulikuwa na msokoto wake, ili mvuvi akizama na kutupwa ufukoni atambulike kwa sweta yake. Hadithi tamu, inauza sweta hadi leo. Wachunguzi wa historia ya mavazi wanasema sweta hizo zenye misokoto mingi zilianza mwanzoni mwa karne ya 20 tu, na wanawake wa visiwani walizifuma kwa ubunifu wao na kwa ajili ya kuuza. Inaelekea mbegu ya hadithi ni tamthilia ya J. M. Synge iliyochezwa mwaka 1904, ambamo maiti inatambuliwa. Lakini humo inatambuliwa kwa soksi, kupitia hesabu ya vitanzi na vile vilivyoangushwa, wala si kwa msokoto. Baadaye Heinz Kiewe, mfanyabiashara wa nyuzi wa Oxford aliyenunua sweta ya Aran mjini Dublin mwaka 1936, aliandika kwamba misokoto hiyo ni ishara za kale za kidini. Naye hakuwa na ushahidi. Mwaka 1961 waimbaji Clancy Brothers wakazivaa kwenye televisheni ya Marekani, na biashara ikalipuka. Najiuliza kwa nini watu wanahitaji kifo baharini ndipo wakubali kwamba mwanamke alibuni kitu kizuri kwa sababu alikitaka.

Je, wajua kwamba jasusi mmoja wa vita ya pili ya dunia, aliyeficha siri zake kwenye vifaa vya kufumia, alilelewa kwa muda Kongo? Phyllis Latour alizaliwa mwaka 1921, akafiwa na wazazi wote wawili angali mtoto, na jamaa wa baba yake wakamchukua Kongo. Mei 1944 Waingereza walimshusha kwa mwavuli huko Normandy, Ufaransa, akijifanya msichana wa kuuza sabuni. Alituma jumbe 135 za siri. Funguo za kusimbia zilikuwa zimeandikwa kwenye kitambaa cha hariri, kikazungushwa kwenye sindano ya kufumia na kufichwa ndani ya utepe wa nywele. Alifariki New Zealand mwaka 2023, akiwa na miaka 102.

Je, wajua kwamba sindano za kufumia ziliingia kwenye kambi za migodi ya Katanga kama sehemu ya siasa ya kazi? Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, mwanzoni ilichukua wanaume kwa mikataba mifupi na kuwarudisha kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili njia: mikataba ya miaka 3, na mfanyakazi akaribishwe aje na mke. Mke alipofika, kampuni ilikuwa na mpango naye. Kwenye foyer social, yaani kituo cha kijamii cha kambi, alifundishwa kushona, kufuma, kupika na kulea mtoto kwa desturi ya Kibelgiji, ili nyumba itulie na mume asihame. Sitausifu mpango ule. Mlango wa mgodi ulifunguliwa kwa mume, mke akakabidhiwa uzi na sindano, na hakuna aliyemuuliza kama ndicho alichokitaka. Hata hivyo wanawake hao walifuma wanachotaka, wakauza, wakawafundisha binti zao. Kampuni ya serikali, iliyokuja kuitwa Gécamines, ilipoirithi migodi mwaka 1967 iliyarithi na hayo mafunzo. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Kolwezi kuna bibi anayejua kufuma kisigino cha soksi bila kutazama.

Siku hizi? Masista wa Bon Pasteur, waliofika Kolwezi mwaka 2012, wamefundisha wanawake na wasichana ushonaji ili wapate kipato nje ya machimbo. Cherehani imeshinda sindano, na sishangai: gauni la kitenge linalipa upesi kuliko sweta.

Je, wajua kwamba mgodi wa Mutoshi zamani uliitwa Ruwe? Sasa wajua.

Je, wajua kwamba kuna kisiwa ambako wanaume ndio hufuma? Taquile, kwenye ziwa Titicaca nchini Peru. Wavulana hujifunza wakiwa wadogo, na kofia ya mwanamume huonyesha kama ameoa. UNESCO iliitambua sanaa ya kisiwa hicho mwaka 2005. Kwa hiyo ewe kijana wa pikipiki unayesubiri abiria tangu alfajiri huku vidole vimekufa ganzi, hakuna sheria inayokuzuia.

Je, wajua kwamba pasi ya makaa inaweza kuua sweta kwa sekunde? Uzi mwingi unaouzwa kwenye masoko yetu ni akriliki, mtoto wa petroli, uliingia sokoni mwaka 1950. Haunywi maji sana, haufi rangi upesi, bei yake inavumilika. Ila ukiona pasi ya moto hulegea moja kwa moja, misokoto inalala bapa na hairudi tena. Sweta yenye misokoto haipigwi pasi kabisa. Ifue, ikamue kwa kuifunga ndani ya taulo, itandaze mahali bapa, ivute kwa vidole hadi ipate umbo, iache ikauke. Na usifume umeinamia mbabula, lile jiko la makaa: akriliki ikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi.

Je, wajua rangi gani inafundisha haraka? Nyeupe ya maziwa, kijivu hafifu, njano. Nyeusi huficha vitanzi, hasa umeme ukikatika na ukabaki na tochi ya simu. Uzi wa rangi mchanganyiko ni mzuri, lakini unameza misokoto yote. Uzi wenye manyoya ndio usiguswe kabisa kwa sasa, hata ule wa mohea, ambao zaidi ya nusu yake duniani hutoka Afrika Kusini na Lesotho.

Je, wajua kwamba vitanzi 2 vinaweza kuharibu sweta nzima? Tuseme karatasi ya uzi inasema sindano ya milimita 4 hutoa vitanzi 22 kwa sentimita 10. Ukaanzisha vitanzi 110 ukitarajia mbele ya sentimita 50. Lakini mkono wako umelegea, unatoa 20. Mbele inakuwa sentimita 55, na mgongo 55. Umeongeza sentimita 10, na sweta ya binti inamtosha baba. Fuma kwanza mraba wa kujaribia, uhesabu, ndipo ubadili sindano: vitanzi vikiwa vichache shuka nusu milimita, vikizidi panda.

Pia wajua kwamba msokoto hubana kitambaa? Vitanzi vinavyovukana huvutana, upana unapungua. Mafundi wengi huongeza kitanzi 1 au 2 kwa kila msokoto wa vitanzi 6. Uzi nao ununue wa ziada, tena kwa siku ileile na wa namba ileile ya rangi, maana bluu ya wiki ijayo si bluu ya leo.

Je, wajua kwamba msokoto uliovukia upande usio wake hauhitaji kufumuliwa kwa sweta nzima? Ukigundua mistari 10 baadaye, achia vile vitanzi 6 peke yake vishuke hadi kwenye kosa, vivushe sawasawa, kisha uvifume upya kupanda ukitumia zile nyuzi zilizolegea kama ngazi. Vingine vyote vinabaki kwenye sindano. Anayeogopa apitishe kwanza uzi wa rangi nyingine ndani ya mstari mmoja ulio sahihi. Chochote kikianguka kitaishia hapo.

Je, wajua kwamba anayetumia mkono wa kushoto hahitaji maelekezo ya peke yake? Kufuma kunatumia mikono yote miwili. Ajifunze kama wenzake.

Je, wajua dawa ya mikono inayonasa uzi? Aliyeshinda akiosha na kuchambua mawe anajua shida hiyo: kila ufa wa kidole unavuta unyuzi. Changanya sukari na mafuta meupe ya kupikia, sugua viganja, osha kwa sabuni. Mawese yasitumike, yatapaka kazi rangi ya chungwa. Uzi ukae ndani ya mfuko uliofungwa, kwani vumbi la barabara ya malori halichagui, na nguo ya mtoto mchanga ifuliwe kabla hajavishwa.

Je, wajua kazi ya kwanza inayofaa? Si sweta. Ni mkanda wa kufunika masikio, wa kuvaa juu ya pikipiki alfajiri ya Julai. Sindano za milimita 4, uzi wa kati. Anzisha vitanzi 22. Mstari wa 1: uso 4, kinyume 4, uso 6, kinyume 4, uso 4. Mstari wa 2, upande wa nyuma: uso 8, kinyume 6, uso 8. Rudia hiyo miwili. Kwenye mstari wa 3, na tena wa 9, wa 15 na kila baada ya 6, ukifika kwenye vile 6 vya katikati weka 3 kwenye kijiti mbele ya kazi, fuma 3, kisha fuma vile 3 vya kijitini. Endelea hadi mkanda uzunguke kichwa ukivutwa kidogo, funga vitanzi, shona ncha mbili pamoja. Weka alama ya chaki kila unapovuka, usitegemee kichwa.

Na kama ndani ya nyumba kuna jozi kuukuu iliyobaki tangu siku za kambi, usimpe mtoto achezee. Ipitishe kwenye kile kipimo cha matundu, andika milimita zake kwa kalamu isiyofutika kwenye kishikio. Kisha muulize bibi aliyeifumia kama bado anakumbuka misokoto, na umwombe akuonyeshe mstari wa kuvuka kabla hujanunua uzi wowote.